Je, ni mgomo ulioviua viwanda vya nguo vya Bombay?

Wengi huamini kwamba viwanda vya nguo vya Bombay, leo Mumbai, viliuawa na mgomo ulioanza 18 Januari 1982, na kwamba kiongozi wake, daktari aliyegeukia vyama vya wafanyakazi, ndiye aliyewaponza watu wapatao 250,000. Imani hiyo inaeleweka: waligoma, na wengi wao hawakurudi tena kazini.

Ila tarehe zina mengine ya kusema. Kabla ya mgomo, vitambaa vingi vilikuwa tayari vinafumwa kwenye karakana ndogo za mashine za umeme, kama zile za Bhiwandi nje ya jiji, kwa ujira mdogo zaidi. Viwanda vingi vikubwa vilibaki na mitambo iliyochakaa. Halafu kuna ardhi ya viwanda hivyo, na hapa ndipo mimi hukaa zaidi: kanuni za ujenzi za 1991 zilipofungua njia ya kuijenga upya, mtaa wa Parel, uliokuwa wa viwanda, ukaota maduka makubwa na maghorofa. Baadhi ya dohani za zamani bado zimesimama kando yake.

Kuhusu daktari, wafanyakazi ndio waliomfuata wakimwomba awaongoze. Sheria ilitambua chama kimoja tu kuwasemea, nao walishakichoka.

Mgomo uliharakisha anguko, hilo silikatai. Ukitaka kupima mwenyewe, chukua karatasi, andika kila sababu unayotajiwa, na mbele yake mwaka ilipoanza. Zilizotangulia 1982 haziwezi kuzaliwa na mgomo.