Kiini cha utomvu: kukitafuta kwenye visiki vya misonobari na kukivuna

Ukikuta kisiki cha msonobari kimeoza hadi kandokando inamomonyoka kwa kidole, usikipite upesi. Kipige teke. Kama katikati kuna kitu kigumu kinachokurudishia mguu, huenda umepata kuni inayowaka hata ikiwa imenyeshewa, na kipande chake cha unene wa kidole gumba kinawasha moto mara kadhaa kabla hakijaisha. Hapa nitaiita kiini cha utomvu, maana ndivyo kilivyo: moyo wa msonobari (au mpaini, kama wengi wanavyouita) ulioshiba utomvu hadi hauna nafasi ya kunyonya maji.

Si kila kipande cha msonobari kina sifa hiyo. Ubao wa kawaida wa paini una utomvu kidogo tu. Mti huu hutengeneza utomvu katika vijifereji vyembamba vilivyotapakaa ndani yake, na huutumia kuziba majeraha na kuwazuia wadudu na kuvu. Mti unapokua, sehemu ya katikati huacha kupitisha maji na kugeuka moyo wa mti. Humo ndimo utomvu unamokusanyika, hasa chini kabisa, pale shina linapogawanyika kuwa mizizi. Mti ukikatwa, mambo mawili huenda pamoja. Tapentaini, ile sehemu nyepesi ya utomvu, huvukizwa taratibu, na kinachobaki hukaza na kuwa kigumu chenye rangi ya asali. Huku nje, kuvu na wadudu wanaula mti mweupe unaouzunguka moyo, usio na kinga. Wakifika kwenye moyo wenye utomvu hukwama, kwa kuwa umekauka, haupitishi maji na una kemikali zisizowafaa.

Kwa hiyo kuoza kunakufanyia kazi ya kuchambua. Anayetafuta kisiki kizima, kizuri kwa macho, anatafuta kitu kingine. Tafuta kilichooza vizuri kikabakiza mfupa.

Kisiki kipi

Kilichokatwa mwaka jana kiache. Utomvu utauona, tena unanata, lakini mti wenyewe bado umejaa maji. Ukiuchanja utaishia na kuni mbichi yenye gundi. Usihesabu miaka pia. Penye joto na unyevu mti mweupe huoza ndani ya miaka michache, penye baridi kali kisiki hukaa muongo na zaidi bila kubadilika sana. Hali ya kisiki ndiyo inayokwambia.

Ukubwa nao una maana. Msonobari mchanga una moyo mdogo au hauna kabisa, na miti mingi ya mashambani huvunwa ingali michanga. Ndiyo maana mtu anaweza kufukua visiki ishirini vya shamba lililovunwa na kurudi na maganda. Mimi huanzia kipenyo cha sentimita 30 kwenda juu, na nikiona pete za ukuaji zimebanana hupata matumaini zaidi, kwa kuwa huo ni mti uliokua polepole. Aina ya msonobari pia inachangia. Pinus palustris wa kusini-mashariki mwa Marekani ndio wenye sifa kubwa kuliko yote. Visiki vyake viliwahi kung'olewa kwa mashine na kupelekwa viwandani kukamuliwa tapentaini. Ulaya ya kaskazini walitumia visiki vya Pinus sylvestris kuchoma lami ya kupaka mashua na meli. Pinus elliottii na Pinus caribaea nayo ina utomvu mwingi, na hugemwa ikiwa hai.

Kama huna kisiki, angalia matawi yaliyokufa kwenye msonobari uliokufa ukiwa bado umesimama. Tawi lenyewe mara nyingi halina kitu, lakini sentimita 10 au 15 za mwisho, pale linapoingia kwenye shina, huwa zimejaa. Pale penye kovu la moto au la shoka la zamani pia. Mti ulio hai usiuchanje kwa ajili ya hili. Unaujeruhi bure, na utakachopata ni utomvu mbichi.

Kukijua kabla ya kukifukua

Hapa ndipo watu wanapopoteza nguvu zao. Wanaona rangi nyeusi ndani ya kisiki, wanachimba saa nzima, kumbe ni mti uliooza na kulowa. Kabla ya kuchimba, chonga kwa shoka kipande kidogo kutoka katikati, kina cha sentimita 2 au 3, kisha kipime kwa mambo haya.

Kwanza pua. Harufu ni kali, ya tapentaini, kama kopo la rangi ya mafuta lililofunguliwa sasa hivi. Kisipotoa harufu hiyo mara tu baada ya kuchongwa, sina haja ya kuendelea. Harufu ya uyoga au udongo ni ya kuoza.

Kisha rangi na mng'ao. Kiini kizuri kina rangi kuanzia asali hadi wekundu wa tofali, na sehemu iliyochongwa inang'aa kana kwamba imepakwa mafuta. Mti uliolowa huwa na rangi ya kahawia iliyofifia, bila mng'ao. Bonyeza kwa ukucha: uliooza unabonyea, kiini hakibonyei.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha mwanga. Banja kibanzi chembamba kama karatasi nene, kiinue kielekee jua. Kiini cha utomvu kinapitisha mwanga, kinawaka rangi ya chungwa kama kipande cha kaharabu, na unaweza kuona nyuzi zake zimepangana ndani. Mti wa kawaida wa unene huohuo unabaki kivuli tu. Ukiona rangi ya chungwa imekatikakatika na mistari meupe, kiini ni cha wastani. Kitawaka, ila hakitakubali cheche kirahisi.

Uzito unasaidia lakini unadanganya. Kipande kilichoshiba ni kizito kuliko kuni kavu ya ukubwa wake, na vingine huzama majini. Tatizo ni kwamba mti uliolowa chapachapa nao huzama. Usiamue kwa uzito peke yake.

Mwisho ni moto. Chukua kibanzi chenye unene wa njiti ya kiberiti, kiwashe ncha na ukiangalie kwa karibu. Utomvu unachemka: vipovu vidogo vinatoka mbele ya moto, vinapasuka, na moto unavifuata ukipanda kibanzi. Moto ni wa manjano, moshi ni mweusi na mzito, na masizi yanaelea hewani kama nyuzi. Kikiwaka kwa moshi mweupe kisha kikazimika na kubaki kaa, ulichoshika ni kuni ya kawaida.

Kukitoa

Kisiki kina mwenyewe, hata kama kinaonekana kimetupwa. Omba ruhusa kwanza. Halafu kigonge mara kadhaa kwa kichwa cha shoka, usogee pembeni na usubiri kidogo, maana kisiki kilichooza ni nyumba ya siafu, nge, nyigu na wakati mwingine nyoka. Usiingize mkono kwenye tundu usiloliona mwisho wake. Angalia pia misumari na waya: visiki vya kando ya uzio huwa navyo vimemezwa ndani.

Bomoa kwanza kilichooza. Mtaimbo unafaa kuliko shoka, kwa sababu kazi ni kuchokonoa na kubandua, si kukata. Mara nyingi maganda na mti mweupe vinatoka kwa mabonge na kuacha nguzo zilizosimama zenye ncha, kama meno. Hizo ndizo unazozitaka. Ondoa udongo kuzunguka shina kina cha sentimita 15 hadi 20 ili ufike kwenye mabega ya mizizi, kisha sugua kwa brashi ngumu. Hatua ya brashi watu huiruka na kujuta, kwani mchanga ulioshikwa na utomvu huua makali ya shoka kwa mapigo machache, na mnyororo wa msumeno wa injini hata kabla ya hapo.

Nguzo iliyosimama ikate kwa msumeno wa mkono karibu na ardhi badala ya kuipiga shoka kutoka upande. Kiini ni kigumu lakini kinapasuka kama kioo. Shoka likigonga kwa ubavu, vipande vinaruka, na vina ncha. Vaa miwani. Msumeno ukianza kukwama, si kwamba umekuwa butu: utomvu uliopata joto umeganda kwenye meno. Paka mafuta kidogo ya kupikia pande zote mbili za bapa, uendelee. Mizizi minene iliyozama usipigane nayo, isipokuwa ile ya juujuu yenye rangi nzuri. Shimo lifukie, mtu asije akavunjika mguu.

Kiasi hakitabiriki. Kisiki kimoja kinajaza gunia, jirani yake wa umri uleule hakikupi hata kibanzi.

Kuchanja

Kata vipande vya sentimita 15. Vya mabega ya mizizi, ambavyo nyuzi zake zimejipinda, vifanye sentimita 10, la sivyo vitapasukia pembeni. Simamisha kipande juu ya gogo, weka shoka dogo au kisu kinene juu yake na ugonge kwa gongo. Usilirushe shoka kwenye kitu kidogo unachokishika. Pasua hadi upate vijiti vya unene wa kidole gumba. Hapohapo vitenge: vilivyo na rangi kamili mwanzo hadi mwisho ni vya cheche, vyenye mistari meupe ni vya kiberiti, na vyenye rangi upande mmoja tu changanya na kuni nyembamba.

Kukwangua na kuwasha

Kwa kiberiti kazi ni nyepesi. Vibanzi vitano au sita vya unene wa njiti, vikiegemezwa kama hema dogo, vinatosha.

Kwa kijiti cha feroseriamu (kijiti cha chuma kinachotoa cheche kikikwanguliwa) unahitaji unga, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa hata wakiwa na kiini bora. Wanachonga maranda. Randa lililojikunja ni zuri kwa moto uliokwisha kuwaka, lakini cheche inalipitia bila kulipasha joto vya kutosha. Geuza kisu utumie mgongo, wenye pembe kali ya mraba. Kisimamishe wima juu ya ukingo wa kijiti cha kiini, kisilale mbele wala nyuma, ukivute kufuata nyuzi kwa mkandamizo mwepesi wa kurudiarudia. Kinachotoka kinafanana na pamba fupi iliyochanganyika na unga wa rangi ya asali, kinanatanata kidogo kikibanwa. Ukiona mikunjo, kisu kimelala. Mgongo wa kisu ukiwa wa mviringo, tumia ukingo wa kioo kilichovunjika.

Kusanya kijiko kimoja cha chai juu ya ganda kavu au juu ya kipande bapa cha kiini chenyewe. Kirundo kiwe kimebanana: unga uliotawanyika hauwaki, na upepo unaubeba. Weka ncha ya kijiti cha cheche ndani ya kirundo, shikilia kikwangulio pasipo kukisogeza, halafu vuta kijiti nyuma. Ukisukuma kikwangulio mbele utaubomoa unga wote. Cheche za jiwe na chuma hazitoshi kuuwasha moja kwa moja, zinahitaji kwanza kitu cha kushika kaa.

Unga ukishika, una sekunde chache tu. Vibanzi viwe tayari mkononi, kimoja kimoja juu ya ulimi wa moto, vyembamba kwanza. Moshi mweusi ukizidi na moto ukazama, umeubana: inua vibanzi, ingiza hewa. Kama kijiti cha kiini kimelowa mvua, kikung'ute, kwangua na kutupa tabaka la juu, kisha anza unga juu ya sehemu kavu.

Nyama usiiweke juu ya moto huu. Masizi yake ni ya lami, yananata kwenye chakula na kwenye sufuria. Subiri kiini kiungue chote na kuni za kawaida zibaki makaa. Kwenye jiko la ndani lenye bomba tumia vibanzi viwili au vitatu vya kuwashia tu, kwa sababu masizi hayo hujenga ganda ndani ya bomba, nalo huweza kushika moto.

Baada ya kazi, futa shoka na msumeno kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mbali na moto. Mikono ipake mafuta ya kupikia kwanza, sugua, ndipo utumie sabuni. Sabuni peke yake inasambaza utomvu tu. Wengine ngozi yao huwashwa na utomvu, na vumbi lake linakereketa koo, hivyo kwangulia mahali penye hewa.

Kiini hakiozi wala hakiishi nguvu kikikaa katika vipande vizima. Unga na maranda ndivyo hupungua ukali, maana tapentaini iliyobaki huondoka kwenye vitu vyembamba, kwa hiyo kwangua siku ya kuutumia. Usikiache juani ndani ya gari: utomvu unayeyuka na kutoka jasho. Kifunge kwa gazeti, na gazeti likishalowa utomvu usilitupe, nalo ni la kuwashia.