Kihatarishi cha kurithi katika ugonjwa wa Alzheimer ni nini?

Bibi mmoja wa Mikindani, aliyebangua korosho tangu usichana wake, alianza kuuliza kama mjukuu amekula. Akijibiwa, anauliza tena kabla sufuria haijaepuliwa. Korosho aliendelea kubangua vilevile, punje inatoka nzima. Wanawe walipoambiwa ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole, swali lao la kwanza lilikuwa: "Na sisi tumeshairithi?"

Hapo tutenganishe maneno mawili. Kisababishi huleta ugonjwa. Kihatarishi huongeza tu uwezekano wa kuugua, na aliye nacho anaweza asiugue maisha yake yote.

Kihatarishi cha kurithi kinachotajwa zaidi kimo kwenye jeni (kipande cha maelekezo ya mwili tunachorithi kwa wazazi) iitwayo APOE, iliyoko kwenye kromosomu ya 19, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Jeni hii huongoza utengenezaji wa protini inayobeba mafuta mwilini, hadi ubongoni. Ina aina tatu kuu: e2, e3 na e4. Kila mtu ana nakala mbili, ya baba na ya mama. Wengi wana e3. E2 huelekea kupunguza hatari, e4 huipandisha, na mwenye e4 mbili hatari yake ni kubwa zaidi. Hata hivyo, wapo wenye e4 wanaozeeka na akili zao timamu, na wapo wagonjwa wasio nayo kabisa. Isitoshe, takwimu nyingi zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kwa wenye asili ya Afrika, nguvu ya e4 imeonekana kuwa ndogo zaidi. Mtu wa Newala asijipimie kwa namba za huko.

Visababishi hasa ni mabadiliko adimu kwenye jeni za APP, PSEN1 na PSEN2. Hayo huleta ugonjwa mapema, kwa kawaida kabla ya miaka 65, na kila mtoto wa mgonjwa ana nusu kwa nusu ya kuyarithi. Wenye mabadiliko hayo ni chini ya asilimia 1 ya wagonjwa wote.

Bibi yetu alianza kusahau akiwa amepita miaka 75, kwa hiyo hayo hayaelekei kuwa yake. Wanawe wana hatari iliyozidi kidogo ya wengine, basi. Naomba majirani waache kusema ukoo ule umelaaniwa. Kipimo cha APOE hakiwezi kumwambia mtu mzima kwamba ataugua; presha na kisukari, ambavyo navyo ni vihatarishi, vinapimika na vinatibika.