Mjamzito na utafiti wa dawa: maadili yake yana maana gani?

Mama ana mimba ya wiki nane. Usiku homa imepanda, asubuhi amepimwa, ni malaria. Kwa miaka mingi katika zahanati za Tanzania na Kenya mama huyu hakupewa dawa mseto kama mumewe. Alipewa kwinini: vidonge vichungu, mara tatu kwa siku, siku saba mfululizo. Siku ya pili masikio yanavuma na kichwa kinazunguka, juu ya kichefuchefu cha mimba alichokuwa nacho tangu mwanzo. Homa ikishatulia, ni rahisi mno kuviacha vidonge vilivyobaki. Mumewe alimaliza mseto wake kwa siku tatu, akarudi kazini.

Hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba mseto unadhuru mimba changa ya binadamu. Dalili za madhara zilionekana kwa wanyama wa maabara, na wajawazito wakawekwa nje ya majaribio ya dawa, kwa hiyo jibu halikupatikana. Lilikuja kupatikana kwa njia ya kuzunguka: kuna wanawake waliomeza mseto kabla hawajajua kuwa ni wajawazito, watafiti wakawafuatilia hadi wakajifungua, kisha wakalinganisha matokeo yao na ya waliotumia kwinini. Ndipo mwishoni mwa 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) likapendekeza mseto wa artemeta na lumefantrini, yaani ALu, hata kwa miezi mitatu ya mwanzo. Dawa hiyo ilikuwa imeshatumika kwa watu wengine tangu katikati ya miaka ya 2000.

Dhana tunayoieleza inaanzia hapa. Maadili ya kumshirikisha mjamzito katika utafiti wa tiba ni kanuni za kuamua lini ni haki kumwalika, lini si haki, kwa masharti gani, na nani mwenye kauli ya mwisho. Wengi wetu huliona swali moja tu: je, utafiti utamdhuru mtoto aliye tumboni? Swali hilo ni zito na haliondoki. Lakini lina pacha wake: asipotafitiwa, huyu mama akiugua atatibiwa kwa ushahidi gani? Maana wajawazito huugua. Wapo wenye kifafa, pumu, kisukari, shinikizo la damu, VVU. Isitoshe, mwili wenyewe umebadilika: damu imeongezeka kwa karibu nusu, figo zinachuja kwa kasi zaidi, na dozi iliyomtosha mwanamume inaweza isimtoshe yeye.

Hofu iliyowaweka nje ilikuwa na chanzo. Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ilianza kuuza thalidomaidi, dawa ya usingizi iliyopendwa pia na wajawazito kwa kutuliza kichefuchefu. Ilipoondolewa sokoni Novemba 1961, watoto zaidi ya 10,000 katika nchi mbalimbali walikuwa wamedhurika, wengi wakizaliwa na mikono au miguu mifupi, au bila viungo hivyo kabisa. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaelekeza kwamba hata wanawake wanaoweza kushika mimba wasiingie katika hatua za mwanzo za majaribio. Msimamo huo ulilegezwa mwaka 1993. Ninaposoma historia hii naumia kwa jambo moja: thalidomaidi iliuzwa kwa wajawazito bila utafiti wa kutosha juu ya mimba. Wale akina mama hawakuwa washiriki wa jaribio lenye daktari wa kuwafuatilia na kamati ya kulisimamisha. Walinunua dawa dukani.

Tuje karibu, kwa wasemaji wenzetu wa Kiswahili huko Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mlipuko wa Ebola ulitangazwa huko tarehe 1 Agosti 2018. Chanjo ilikuwepo, ingawa ilikuwa bado haijapata kibali cha kuuzwa, na ilitolewa chini ya utaratibu wa utafiti kwa waliokutana na mgonjwa na kwa waliokutana na hao. Mjamzito aliachwa. Chanjo ile ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na data za mimba zilikuwa chache. Mantiki yake inaeleweka. Ila weka mbele yako nyumba moja ya Beni au Butembo: mgonjwa ametoka humo, timu imefika, mume anachanjwa, shemeji anachanjwa, na mke mwenye mimba ya miezi sita, ambaye ndiye aliyekuwa akimfulia mgonjwa mashuka, anaambiwa yeye hapana. Na Ebola ikimpata mjamzito, mtoto aliye tumboni karibu kila mara hufa. Tahadhari ile haikumlinda hata yule ambaye iliwekwa kwa ajili yake.

Mwezi Februari 2019 uamuzi ulibadilishwa, kamati ya maadili ya Kongo ikiridhia, na kufikia Juni wajawazito na wanaonyonyesha wakaanza kuchanjwa. Wakati huo wagonjwa walikuwa wamepita 2,000.

Kanuni za leo zinasemaje? Mwongozo wa mwaka 2016 wa CIOMS, yaani baraza la mashirika ya kimataifa ya sayansi za tiba, unahimiza utafiti juu ya mahitaji ya kiafya ya wajawazito. Kama utafiti unaweza kumfaidi mama au mtoto, faida ipimwe dhidi ya hatari. Kama hauna faida ya moja kwa moja kwao, hatari iwe ndogo kabisa, na utafiti ulenge mahitaji ya kiafya ya wajawazito au watoto wao; swali likiwa na uzito mkubwa na haliwezi kujibiwa kwa kutumia watu wengine, kamati ya maadili inaweza kuruhusu hatari iliyozidi hapo kidogo. Majaribio ya maabara na ya wanyama hutangulia. Na ridhaa ni ya mama mwenyewe. Anaweza kushauriana na mume, mama mkwe au shangazi, na kwetu mara nyingi atafanya hivyo, lakini sahihi yao haishiki nafasi ya yake. Naliunga mkono sharti hili kwa moyo wote.

Si kila mara ushahidi ukija huwa wa kupendeza. Mei 2018, utafiti nchini Botswana ulionyesha kasoro za ubongo na uti wa mgongo kwa watoto 4 kati ya 426 ambao mama zao walishika mimba wakiwa wanatumia dolutegraviri, dawa ya VVU. Nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, zikawazuia wanawake wa umri wa kuzaa wasiipate kwa urahisi. Julai mwaka huohuo wanawake wanaoishi na VVU kutoka nchi 18 za Afrika walikutana Kigali, wakadai waelezwe hatari ilivyo na waachiwe wachague wenyewe. Ufuatiliaji wa Botswana haukusimama. Mimba zilizohesabiwa zilipoongezeka, kiwango kile kilishuka hadi kasoro 3 kwa kila watoto 1,000, na Julai 2019 WHO ikapendekeza dawa hiyo kwa wote, wanawake wa umri wa kuzaa na wajawazito wakiwemo.