Moto chini ya kitovu: nilichosikia na nilichopima

Ilinichukua kama miezi miwili na nusu ya kusimama kila asubuhi kwenye zoezi la chigongi, yale mazoezi ya Kichina ya kusimama na kupumua, magoti yamelegea, mikono mbele kama mtu aliyekumbatia pipa, kabla hakijatokea chochote cha maana zaidi ya maumivu ya mabega. Afu siku moja kikatokea. Vidole vyote, dole gumba hadi kidole cha mwisho, vikaanza kunichonyota, mikono ikawa myepesi kama inaning'inizwa na mtu, na chini ya kitovu, kama vidole vitatu hivi kushuka, pakawaka moto. Moto wa kweli kabisa, wa kusikia, sio "nilijisikia vizuri". Ukakaa pale dakika kadhaa, ukaanza kupanda mgongoni kama maji ya uvuguvugu, na mi nikabaki nimesimama machozi yananitoka bila sababu.

Wakati huo nilikuwa fizio, yani mtaalamu wa tiba ya viungo, kwa miaka minane. Nimesoma neva, nimesoma misuli, nimeshika viungo vya watu wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Na asubuhi ile nilijiambia kumbe shule yote ile ilinificha kitu.

Nimeandika hii kwasababu watu wanaoniuliza habari za chigongi na meditesheni za Kitao, yale mapokeo ya kale ya Kichina, huwa wanataka nichague upande, ama chi, ile nguvu inayosemwa inapita mwilini, ipo ama ni utapeli, na kila nikijaribu kujibu kwa sentensi moja nasema uongo kidogo.

Tuanze na neno lenyewe maana hapo ndo vurugu nyingi huanzia. Chi kwa Kichina ni hewa, mvuke, pumzi. Ukiangalia ile herufi yao ya zamani kuna mchele chini na mvuke juu yake. Sisi wa Kiswahili hatuna haja ya kushangaa sana, maana pumzi na kupumzika kwetu vimekaa nyumba moja na hakuna anayeuliza pumzi inapimwa kwa mashine gani. Shida inakuja pale neno linapotafsiriwa "nishati", hapo ghafla linavaa koti la fizikia, na mtu anaanza kutafuta mita ya kuipimia. Wazee walioandika Neiye, maandishi ya karne ya 4 kabla ya Kristo, walikuwa wanaongelea kutulia, kunyoosha mwili, kupumua taratibu na kuacha moyo usirukeruke. Hawakuwa wanaongelea umeme.

Na ukisikia mtu anakuambia chigongi ina miaka elfu tano haijabadilika, mwache aongee ila usimlipe. Mazoezi yenyewe ni ya zamani kweli. Kule Mawangdui, mkoa wa Hunan, walifukua kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo wakakuta kitambaa cha hariri kimechorwa watu 44 wanajinyoosha, wanainama, wengine wanaiga wanyama. Lakini jina "chigongi" kama tunavyolitumia leo, jina moja la kubeba mazoezi yote haya kama tiba, limeenezwa miaka ya 1950 na Liu Guizhen, ofisa wa chama aliyepona vidonda vya tumbo kwa mazoezi hayo na baadae akaendesha kituo cha matibabu Beidaihe. Yani ni neno la ofisini, la enzi za mashirika ya serikali. Halipunguzi utamu wa zoezi, ila linapunguza ule ukungu wa siri za milimani.

Sasa turudi kwenye moto wangu. Baada ya ile furaha kupoa, ile sehemu yangu ya ufizio ikaanza kunisumbua. Nikaanza kuchukua kitu kimoja kimoja.

Kule kuchonyota vidoleni. Mtu anayejifunza kupumua "kwa tumbo" mara nyingi anapumua kupita kiasi bila kujua, anavuta hewa nyingi kuliko mwili unavyohitaji, anatoa hewa ya ukaa nyingi, damu inabadilika kidogo, neva zinakuwa rahisi kusisimka, na matokeo yake ni ganzi na mchonyoto vidoleni na kuzunguka midomo. Hio ni fiziolojia ya kawaida kabisa. Nilipopunguza pumzi nikawa napumua polepole na kidogo, mchonyoto wangu ulipungua karibu nusu. Ule uliobaki ni wa aina nyingine, na huo we mwenyewe unaweza kuujaribu hapo ulipo: tulia, elekeza akili yako yote kwenye ncha ya kidole cha kati kwa sekunde ishirini. Umeona? Kuna kitu pale. Kilikuwepo muda wote, mapigo ya damu, mguso wa hewa, kelele za kawaida za neva, ila ubongo huwa unavizima kwasababu havina kazi. Ukiviangalia vinawaka.

Mikono kuelea ndo naipenda zaidi. Simama kwenye mlango, sukuma fremu kwa migongo ya viganja vyote viwili kwa nguvu kama dakika moja, afu toka hapo ulegeze mikono. Itapanda yenyewe. Itapanda kabisa kama mbawa na wewe unaitazama. Daktari Mjerumani Oskar Kohnstamm alieleza jambo hili mwaka 1915: misuli iliyoshikilia kazi muda mrefu inaendelea kujikaza yenyewe bila wewe kuiamrisha. Sasa fikiria mtu amekumbatia pipa la hewa dakika 20. Mabega yake yamefanya kazi ileile, na hisia ya kwamba kuna kitu kinainua mikono ni sahihi kabisa, kitu kinaiinua kweli, ni misuli yake.

Joto nalo lina hadithi yake. Mwaka 1932 daktari wa akili wa Berlin, Johannes Schultz, alitoa kitabu cha mafunzo ya kujituliza ambapo mgonjwa analala na kurudia kimoyomoyo mkono wangu mzito, mkono wangu una joto, afu baadae tumbo lina joto linatiririka. Hamna chi, hamna Tao, hamna mizunguko ya nyota. Na watu wakasikia mikono mizito yenye joto, maana ukitulia kweli mishipa ya damu ya ngozi inapanuka na damu ya moto inafika. Nilivyosoma ile formula ya tumbo nilicheka peke yangu. Mzee wa Berlin na watawa wa Kichina wamekutana tumboni, mmoja juu ya kitovu mwingine chini.

Hapo wengi wenye shaka wangeishia. Mi nilikuwa bado na kitu kimoja kinanikera: nilikuwa nasikia chi ya mwenzangu. Tulikuwa tunafanya lile zoezi la kusimama mmoja nyuma ya mwingine, wa nyuma anakunyooshea kiganja kwenye mgongo bila kukugusa, na mi nilikuwa nasikia joto kila mara. Ningeapa mahakamani.

Basi tukaweka pazia. Mwenzangu anarusha sarafu, ikiangukia upande huu ananyoosha kiganja, upande ule anakaa mikono mfukoni, na mi natakiwa kusema kuna kitu au hamna, tukaenda mara 40 na nilikuwa na uhakika sana, kuna mara nyingine nilisema "hii ya nguvu kabisa". Nilipata 19. Mtu aliyelala usingizi angepata 20.

Kilichoniuma sio kukosa. Ni kwamba zile mara nilizosikia "ya nguvu kabisa" zilikuwa za nguvu kweli, joto lilikuwepo mgongoni kwangu, na mwenzangu alikuwa amesimama mikono mfukoni. Baadae nikakuta kwamba jaribio kama langu lilishafanywa na mtoto wa shule, Emily Rosa, Marekani, kwa watu wa "tiba ya mguso" (jina tu, hawagusi) waliodai kusikia kwa viganja nguvu inayouzunguka mwili wa binadamu. Watu 21, majaribio 280, wakapatia asilimia 44. Ilichapishwa 1998 kwenye jarida la chama cha madaktari wa Marekani, mtoto akiwa na miaka 11. Mi mwenye diploma na miaka minane kazini sikuwahi kufikiria pazia.

Mwalimu niliyekuwa nasoma kwake wakati ule hakufurahi. Alisema shaka yangu ilifunga njia za chi ndo maana sikupatia. Nikamuuliza, na ningepatia? Akasema ingethibitisha chi. Nikaona hapa hata ningefanya nini nisingeweza kumkuta amekosea. Darasani kwake aliyesikia joto anaendelea vizuri, asiyesikia ana vizuizi, aliyeumwa anasafishika, na vizuizi vinafunguliwa kwa kozi ya juu yenye ada yake. Niliondoka mwezi uleule.

Ila China yenyewe ilishapitia haya kwa ukubwa wa taifa. Mwaka 1979 gazeti la Sichuan liliandika habari za mtoto anayesoma maandishi kwa masikio, na kuanzia hapo miaka ya 1980 ikawa homa ya chigongi, mabwana, yani magwiji wa chigongi, wanajaza viwanja, wanatuma chi toka mbali, hadi mwanasayansi mkubwa wa roketi Qian Xuesen akawa upande wao. Kuna picha za miaka ya mwanzo ya 1990 za watu wamekaa wamevaa sufuria kichwani ili wapokee mawimbi ya angani. Kundi la wakosoaji kutoka Amerika Kaskazini lilienda mwaka 1988 wakampima bwana mmoja ambaye mgonjwa wake alikuwa anajitupatupa akitumiwa chi. Wakamweka bwana chumba kingine. Mgonjwa akaendelea kujitupa hata pale ambapo bwana hatumi kitu. Pazia langu, kwa ukubwa mwingine.

Sasa msinielewe vibaya mkadhani nimeacha. Nasimama mpaka leo, mwaka wa kumi na nne huu, na moto unakuja karibu kila siku.

Maana kuna wenye shaka nao wananichosha. Mtu hajawahi kukaa kimya dakika kumi maishani mwake anakuambia ni "plasibo tu", yani mtu anapata nafuu kwasababu ameamini, kama vile neno "tu" limeeleza kitu. Ukipumua mara sita hivi kwa dakika mapigo ya moyo na shinikizo la damu vinaanza kwenda kwa mdundo mmoja, na hilo halina dini: utafiti wa Bernardi na wenzake mwaka 2001 ulikuta rozari kwa Kilatini na mantra za yoga, yale maneno ya kurudiarudia, zote zinampeleka mtu kwenye kasi hiyohiyo. Mwaka 2012 ukatoka utafiti wa wagonjwa 195 wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, wiki 24, wengine taichi (mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole), wengine mazoezi ya uzito, wengine kujinyoosha, na wa taichi wakawashinda wote kwenye kusimama imara, na walianguka mara chache kuliko wale wa kujinyoosha. Hio sio sufuria kichwani.

Na Watao wenyewe walikuwa na shaka kabla yetu. Zhuangzi, kitabu chao cha kale, ina sehemu inawakejeli kabisa wanaopuliza na kuvuta pumzi, wananing'inia kama dubu na kujinyoosha kama ndege, ili mradi waishi miaka mingi. Baadae ikaonekana kulikuwa na sababu ya kujihadhari pia, maana wale wa alkemia ya kunywa, waliochanganya dawa za kuishi milele, walitumia madini mekundu ya zebaki, na wafalme kadhaa wa nasaba ya Tang wanahesabiwa kuuawa na dawa hizo za kutokufa. Ile "dan" ya dantieni, sehemu ya chini ya kitovu, ndo hayo madini mekundu. Alkemia ikahamishiwa ndani ya mwili, ikawa maneno na pumzi, na nadhani ilikuwa hatua kubwa ya afya ya jamii.

Ila ndani nako kunaunguza. Mi kipindi fulani nililazimisha kupandisha ule moto kichwani, kila usiku, saa nzima, na nikapoteza usingizi wiki tatu, kichwa kimejaa, kila sauti inanishtua. Wachina wana jina lake, kwa maana ni kama moto kupotea njia na pepo kuingia, na kitabu cha Marekani cha kuainisha magonjwa ya akili cha mwaka 1994 kiliorodhesha hali ya namna hio kwa jina la chigongi. Nilipona kwa kuacha kabisa, kutembea sana na kula vizuri. Kama una historia ya kuona au kusikia visivyokuwepo, au ya ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi (bipola), mazoezi marefu ya kuzungusha chi usiyaanze peke yako, ongea na daktari wako kwanza.

Kwenye kazi yangu ndo nimegundua neno chi linakaa wapi. Nikimwambia mgonjwa "legeza msuli wa juu wa bega, shusha bega sentimita mbili" anakaza shingo. Nikimwambia "acha kitu kizito kishuke taratibu hadi chini ya kitovu" mabega yanashuka, mbavu zinafunguka, magoti yanalegea, vyote kwa pamoja. Hata kwa wanamichezo imeonekana mara nyingi kwamba mtu anayefikiria kitu nje ya misuli yake anafanya vizuri kuliko anayefikiria msuli. Kwa hio nayatumia maneno ya Kitao kila siku kazini, kama maelekezo, na sijawahi kumwambia mtu kuna mto wa nishati unapita mgongoni kwake.

Wiki chache nyuma mama mmoja ambaye miguu yake huganda akitaka kupiga hatua aliniuliza. Nilikuwa namwambia ajaze maji kwenye mguu wa kulia hadi wa kushoto ubaki mtupu, ndo aunyanyue. Akasimama, akanitazama. "Na hayo maji yanatoka wapi, mwanangu?"

Nikamwambia hamna maji mama, ni maneno yangu tu.

Akafikiri kidogo. "Haya, yaseme tena, polepole."