Herufi moja inayoshinda dawa: jenomu ya bakteria wa kuharisha damu kwa nguruwe

Ukikuta nguruwe wa miezi mitatu amebonyea ubavuni, mkia na mapaja vimepakaa kinyesi laini chenye ute na michirizi ya damu, mshuku Brachyspira hyodysenteriae. Ni bakteria aliyejisokota kama spiringi, hapendi oksijeni, na makao yake ni utumbo mpana. Huogelea ndani ya ute mpaka akazifikia kuta za utumbo na kuzichubua.

Kusoma jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, ni kupata mfuatano wa herufi nne za DNA, yaani A, C, G na T, tangu mwanzo hadi mwisho. Jenomu kamili ya bakteria huyu, iliyochapishwa mwaka 2009 na watafiti wa Australia, ina kromosomu moja yenye herufi takriban milioni 3, na kando yake plazimidi, yaani kipande kidogo cha DNA kilicho nje ya kromosomu, yenye herufi kama 36,000. Plazimidi hiyo si ya kudharau. Imebeba jeni zinazohusika na sukari za ganda la nje la bakteria, na nguruwe walioambukizwa kwa majaribio aina isiyo nayo waliugua kidogo kuliko wenzao.

Linaloniuma zaidi ni dawa. Tailosini, antibiotiki inayotumika dhidi ya bakteria huyu, hung'ang'ania ribosomu, mtambo ambao bakteria hutengenezea protini. Pale inapojishika, mahali panapoitwa 2058, herufi A ikigeuka T, dawa haina tena pa kushika. Bakteria wengi wana nakala kadhaa za jeni ya sehemu hiyo ya ribosomu. Huyu ana moja tu, kwa hiyo badiliko moja linatosha! Mfugaji hununua chupa juu ya chupa, anachoma sindano, na nguruwe hawaachi kuharisha. Usugu dhidi ya tiamulini, antibiotiki nyingine, huja polepole zaidi, badiliko juu ya badiliko.

Ndiyo maana tunasisitiza sampuli itangulie dawa. Mwite daktari wa mifugo, achukue kinyesi kibichi chenye ute kutoka kwa wagonjwa kadhaa, kifungwe vizuri na kifike maabara upesi kikiwa cha baridi. Huku nyuma zoa kinyesi, osha banda, acha sakafu ikauke kabisa, na ziba njia za panya, maana nao hubeba bakteria huyu. Ndani ya kinyesi chenye unyevu, kwenye nyuzi 10 za Selsiasi, ameonekana akiishi siku 112.