Video Zinazomfundisha Mzazi Kusubiri

Mzazi anapofika kliniki na mtoto wa miaka miwili ambaye bado hajaanza kuunganisha maneno, mara nyingi jamaa wameshamwambia, "Mwache, hata baba yake alichelewa kusema." Mimi kwanza humpeleka mtoto apimwe usikivu, kwa maana hakuna ushauri utakaomfaa asiyesikia. Kisha hugeukia mazungumzo ya nyumbani. Kwa miaka mingi niliwaelekeza wazazi kwa mdomo tu: zungumza naye, mpe nafasi ajibu. Waliitikia kwa heshima, wakarudi baada ya mwezi hali ikiwa ileile. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu "mpe nafasi" ni maneno matupu mpaka mtu aone jambo lenyewe likitendeka.

Sasa natumia video fupi. Ninayoipenda zaidi inamwonyesha mama aliyeketi mkekani akichambua mchele kwenye ungo, mtoto akiwa amechuchumaa kando yake. Mtoto anamnyooshea kidole kuku anayenyemelea ungo. Mama anamtazama mtoto na kunyamaza. Hapo mimi husimamisha video na kumuuliza mzazi, "Umeona nini?" Bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake aliniuliza, "Daktari, mbona huyo mama hamjibu mtoto?" Hilo ndilo swali nililokuwa nikilingoja. Tulipoendelea, zilipita sekunde kama tano, mtoto akasema, "Kuku!" na mama akadakia, "Ee, kuku anakuja, anataka mchele."

Neno moja limemrudia mtoto likiwa sentensi, na kwa Kiswahili jambo hilo lina uzito wake, kwa kuwa kitenzi chetu hubeba mengi: katika "anataka", *a-* humtaja mtenda na *-na-* huonyesha wakati. Kamil Ud Deen, aliyechunguza jinsi watoto wa Nairobi wanavyojifunza Kiswahili, alionyesha kwamba watoto wadogo huviacha viambishi hivyo mara kwa mara. Kwa hiyo mtoto anayesema "taka maji" hastahili kukaripiwa wala kulazimishwa kurudia, inatosha mzazi amwambie, "Unataka maji? Haya, maji haya hapa."

Wapo wazazi ambao, wakishatumiwa video kwa WhatsApp, humpa mtoto simu aitazame yeye. Nawasihi wasifanye hivyo. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba watoto wachanga wa miezi 9 walijifunza sauti za Kichina kutoka kwa mtu aliyecheza nao ana kwa ana, lakini waliotazama video za watu walewale hawakujifunza. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2019, halipendekezi kabisa mtoto wa mwaka mmoja kukalishwa mbele ya skrini. Video hizi ni za mzazi. Akishaitazama, simu iwekwe kando.

Video nilizoanza nazo zilitengenezwa ng'ambo, zenye zulia nene na rafu ya vitu vya kuchezea. Mama mmoja alizitazama, akaondoka akiamini kwamba lugha ya mtoto inahitaji vitu vya kununua. Jambo hilo liliniuma. Tangu hapo tunarekodi, kwa ridhaa ya wenyewe, katika nyumba za watu wetu: kumwogesha mtoto kwenye beseni, kumenya viazi, kufua. Kila video ina jambo moja na haizidi dakika mbili, maana bando ni fedha.

Video yenye nguvu kuliko zote, hata hivyo, ni ya mzazi mwenyewe. Baba mmoja alijitazama akicheza na binti yake: "Hii nini? Na hii? Rangi gani hii?" bila kumwachia hata pumzi moja. Aliomba nirudishe nyuma, akatazama tena, kisha akasema taratibu, "Namhoji kama polisi." Katika rekodi iliyofuata ameshika kiatu kimoja cha mtoto, amenyamaza. Binti anakitazama kiatu, anamtazama baba, anainua mguu na kusema, "Vaa."