Washauri wa vituo vya utafiti wa mtangamano wa Ulaya: dhana potofu na ukweli wake

Vituo vinavyochunguza mtangamano wa Ulaya, yaani jinsi nchi za Ulaya zinavyoungana, vimetawanyika kila mahali. Florence kuna Kituo cha Robert Schuman, kilichoanzishwa 1992 ndani ya Taasisi ya Chuo Kikuu cha Ulaya. Chuo Kikuu cha Bonn kina kituo cha ZEI, kilichozaliwa 1995 wakati mji huo ukifidiwa kwa kuondokewa na bunge na serikali zilizohamia Berlin. Oslo wana kituo cha ARENA, tena katika nchi ambayo wananchi wake walikataa mara mbili kujiunga na muungano huo, 1972 na 1994. Ongeza vituo vya Jean Monnet, vinavyopata ruzuku ya Umoja wa Ulaya, ndani na nje ya Ulaya. Vituo vya aina hii kwa kawaida huwa na wanazuoni wa nje wanaovishauri, na kazi ya wanazuoni hao hueleweka vibaya kuliko inavyodhaniwa.

Dhana: Baraza la washauri ndilo linaloongoza kituo.

Ukweli: Linashauri, basi. Taasisi ya Florence imetenganisha mambo haya vizuri. Baraza Kuu, lenye wawakilishi wa serikali za nchi zilizosaini mkataba, ndilo linalopitisha bajeti na kumteua rais wa taasisi. Baraza la Utafiti, lenye wanazuoni wa nje, linatoa ushauri kuhusu utafiti. Katika kituo kidogo cha chuo kikuu mgawanyo ni huohuo kwa sura nyingine: mkurugenzi na kamati ya uendeshaji wanaamua, seneti inasimamia, washauri wanapendekeza.

Tatizo huanzia kwenye muhtasari wa kikao. Katibu anaandika "baraza limeamua kufuta mradi wa tatu", mradi unafutwa, na mwaka unaofuata mkaguzi anauliza uamuzi huo ulifanywa kwa mamlaka gani. Dawa ni jedwali la safu tatu: pendekezo la washauri, uamuzi wa mkurugenzi, na sababu. Safu ya tatu ndiyo watu huiacha wazi, nayo ndiyo yenye kazi, hasa pale pendekezo linapokataliwa.

Lipo na kosa dogo linaloshabihiana na hili: kudhani kwamba Taasisi ya Florence ni chombo cha Umoja wa Ulaya. Ni taasisi ya kiserikali ya kimataifa, iliyoundwa kwa mkataba wa nchi sita uliosainiwa tarehe 19 Aprili 1972 na kufungua milango 1976. Umoja huchangia fedha zake, lakini mwenye mamlaka juu yake si Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja.

Dhana: Tafuta maprofesa watano wenye majina makubwa, kazi imekwisha.

Ukweli: Cha kutazama ni mchanganyiko wa taaluma. Mtangamano wa Ulaya ni uwanja ambamo mwanasheria haoni kosa la mchumi, na mchumi haoni la mwanahistoria. Baraza la wanasheria watupu litapitisha utafiti wenye takwimu mbovu bila kushtuka.

Chukua mfano wa jedwali la biashara baina ya nchi wanachama lenye kichwa "EU27", yaani Umoja wa nchi 27. Ni EU27 ipi? Kati ya 2007 na katikati ya 2013 wanachama walikuwa 27, Uingereza ikiwemo na Kroatia ikiwa nje. Kroatia iliingia tarehe 1 Julai 2013, wakawa 28. Uingereza ilitoka tarehe 31 Januari 2020, wakarudi 27, lakini si 27 walewale. Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja, hutofautisha makundi haya kwa alama mbili, EU27_2007 na EU27_2020. Mtafiti akiunganisha mifululizo hiyo bila kuangalia alama, biashara iliyokuwa ya ndani inageuka ya nje ghafla, naye anaandika ukurasa mzima kueleza anguko ambalo halikutokea. Mchumi aliyezoea takwimu hizo atalikamata kosa hilo kwa dakika mbili. Mwanafalsafa wa sheria, hata awe na vitabu ishirini, pengine hatalikamata.

Mwanasheria naye ana lake. Kifungu cha malipo sawa kwa wanawake na wanaume kilikuwa namba 119 katika Mkataba wa Roma, mkataba wa mwanzo wa Jumuiya. Mkataba wa Amsterdam ulipoanza kutumika 1999 kikawa 141, na baada ya Mkataba wa Lisbon, Desemba 2009, kikawa 157. Kanuni ya kuzuia makampuni kula njama ilitoka 85 ikawa 81, sasa ni 101. Mtafiti anayetafuta hukumu kwa namba moja tu anapata kipande cha historia na kukiita historia nzima.

Kuna pia upigaji kura katika Baraza la Mawaziri la Umoja, ambamo serikali za nchi wanachama hukaa. Hadi 2014 kila nchi ilikuwa na uzito wake wa kura. Tangu tarehe 1 Novemba 2014 kipimo ni asilimia 55 ya nchi, yaani 15 kati ya 27, zenye angalau asilimia 65 ya watu wote wa Umoja. Na hadi mwisho wa Machi 2017 nchi iliweza bado kuomba utaratibu wa zamani utumike. Utafiti wa "nguvu ya nchi ndogo" unaovuka 2014 bila kulitaja hilo unapima vitu viwili kwa rula moja. Hapa anahitajika mtaalamu wa siasa za taasisi.

Wa nne ni mwanahistoria, ambaye vituo vingi humsahau. Nyaraka za taasisi za Umoja hufunguliwa kwa kanuni ya miaka 30, na hifadhi yake ya kihistoria iko Florence, katika Villa Salviati. Andiko la mradi wa miaka 3 likiahidi kuchambua nyaraka za ndani za majadiliano ya Amsterdam, swali la kwanza la mwanahistoria ni moja: zimefunguliwa? Hati ya 1997 haifunguki kwa kanuni hiyo kabla ya 2027. Njia nyingine ni kuiomba kwa Kanuni 1049/2001, ya haki ya kupata hati za taasisi za Umoja, ambayo inaipa taasisi siku 15 za kazi kujibu, na inaweza kujiongezea 15 nyingine. Inafaa kwa hati chache. Kwa maboksi mazima ya nyaraka haifai, na mradi uliojengwa juu yake utakwama mwaka wa pili.

Kwa hiyo watu sita hadi wanane wanatosha, taaluma hizo nne zikiwemo, pamoja na mmoja anayesoma vyanzo kwa lugha nyingine mbali na Kiingereza. Umoja una lugha rasmi 24, na mjadala wa bunge la Poland hausomeki kwa kutegemea muhtasari wa magazeti ya London. Muda wa mjumbe uwe miaka 3, unaoongezeka mara moja tu, na muda wa theluthi ya wajumbe uishe kila mwaka ili baraza zima lisiondoke siku moja na kumbukumbu zake.

Dhana: Kuchanganya majina ya taasisi ni kosa la mhariri, mshauri asisumbuliwe nalo.

Ukweli: Mara nyingi kosa hilo huwa limeota mizizi ndani ya hoja yenyewe. Baraza la Ulaya la Strasbourg, lililoundwa 1949 na lenye nchi 46 tangu Urusi ifukuzwe 2022, si chombo cha Umoja wa Ulaya. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Strasbourg ni yake. Mahakama ya Umoja iko Luxembourg. Wageni huchanganyikiwa kwa sababu za msingi: Bunge la Umoja nalo hukaa Strasbourg, na bendera ya nyota 12 ilikuwa ya Baraza la Ulaya tangu 1955 kabla Jumuiya za Ulaya, zilizoutangulia Umoja, hazijaichukua katika miaka ya 1980.

Sasa rasimu ikisema "mahakama ya Umoja iliyoko Strasbourg iliiamuru serikali", usifute neno Strasbourg ukaendelea. Hukumu ya Luxembourg hushinda sheria ya nchi katika mambo yaliyo chini ya sheria ya Umoja, na jaji wa kawaida anapaswa kuitumia. Ya Strasbourg huibana serikali kama dola iliyosaini mkataba, na utekelezaji wake husimamiwa na Kamati ya Mawaziri ya Baraza la Ulaya. Hoja iliyojengwa juu ya moja haisimami juu ya nyingine. Hata azma ya Umoja kujiunga na Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, ambao mahakama ya Strasbourg huusimamia, ilikwama pale mahakama ya Luxembourg ilipoikataa rasimu ya makubaliano, Desemba 2014.

Dhana: Fedha za Jean Monnet hununua sifa kwa Brussels, yaani kwa Umoja wa Ulaya.

Ukweli: Mkataba wa ruzuku hautaki sifa. Unataka machapisho yabebe nembo ya Umoja pamoja na tamko kwamba maoni ni ya mwandishi peke yake. Kituo cha Umahiri cha Jean Monnet hupata hadi euro 100,000 kwa miaka 3, na mchango wa Umoja hauzidi asilimia 80 ya gharama. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki navyo vinaruhusiwa kuomba.

Hatari iko kwingine, nayo ni ya kimyakimya: mada hufuata tangazo la fedha. Tangazo likizungumzia tabianchi, kila mtu anakuwa mtaalamu wa tabianchi. Washauri wana haki ya kudai walau mada moja katika mpango wa kituo ambayo hakuna mfadhili aliyeiomba.

Jambo la pili la kuuliza ni ile asilimia 20. Kama 100,000 ni asilimia 80, bajeti nzima ni 125,000, na chuo kinadaiwa 25,000, ambazo kwa kawaida hulipwa kwa saa za wahadhiri. Saa hizo zikiahidiwa kwa mdomo, mkuu wa idara akibadilika ahadi inaondoka naye. Mshauri aombe kuiona barua yenye idadi ya saa kwa kila mwaka kabla andiko halijatumwa. Na mjumbe aliyetajwa kwenye andiko asikae kwenye jopo la kulipima: mgongano wa maslahi hutamkwa mapema, kwa maandishi.

Dhana: Kikao kimoja kwa mwaka, chakula kizuri, picha ya pamoja.

Ukweli: Kikao kimoja kinaweza kutosha, ila makabrasha yatangulie kwa wiki 3, yasizidi kurasa 30, na yafungwe na maswali yasiyozidi matatu. "Mnaonaje mpango wetu?" si swali. "Tuna mtafiti mmoja wa miaka 2, tumpeleke kwenye sera ya forodha au kwenye bajeti?" hilo lina jibu. Kikao kiwekwe miezi minne au mitano kabla ya tarehe ya mwisho ya kutuma maombi ya fedha. Kikiwa wiki mbili kabla, washauri wanapiga muhuri tu. Ndani ya siku 30 kila mjumbe apate jedwali la safu tatu. Nauli na malazi viwe kwenye bajeti tangu mwanzo, hata kama hakuna posho.

Washauri wasigeuzwe wapitiaji wa makala. Mapitio ya kitaaluma yanataka msomaji asiye na uhusiano na kituo, nao wanao.

Dhana: Mtangamano wa Ulaya ni ngazi, na kazi ya washauri ni kuonyesha wengine namna ya kuipanda.

Ukweli: Safari hiyo imejaa kukwama na kurudi nyuma. Bunge la Ufaransa liliua mpango wa Jumuiya ya Ulinzi ya Ulaya tarehe 30 Agosti 1954. Ufaransa ilisusia vikao vya Baraza la Mawaziri la Jumuiya kwa miezi saba, 1965 hadi Januari 1966. Greenland iliondoka kwenye Jumuiya 1985. Wafaransa na Waholanzi waliikataa katiba ya Ulaya 2005. Denmark imebaki na sarafu yake badala ya euro. Mpango wa utafiti unaopanga mambo haya kama "changamoto" pembezoni mwa safari ya kwenda mbele urudishwe.

Hili lina uzito wa pekee kituo kinapoifananisha Ulaya na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwenye karatasi hatua zinafanana, na kwa Afrika Mashariki ni hizi: umoja wa forodha 2005, soko la pamoja 2010, itifaki ya umoja wa fedha 2013. Ndani hazifanani. Bunge la Ulaya huchaguliwa na wananchi moja kwa moja tangu 1979. Wabunge wa Afrika Mashariki, walioko Arusha, huchaguliwa na mabunge ya nchi zao. Ushuru wa forodha wa Umoja wa Ulaya ni mapato ya Umoja wenyewe, nchi inayoukusanya ikibakiza asilimia 25 kwa gharama. Katika Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, ushuru wa kontena linaloshushwa Mombasa kwenda Kampala ni wa hazina ya Uganda. Mshauri anayeijua Ulaya peke yake atapendekeza mahakama yenye nguvu zaidi na bunge la kuchaguliwa. Anayejua pande zote mbili ataanza na bajeti: nani anakusanya, nani anabakiza, na sekretarieti inalipwa kwa mchango wa nani ukichelewa.